Alama Kumi na Tatu ku Mulango

"Rudisha ile vis mahali uliitosha. Nakuambia mara ya tatu, Aaron."

"Siirudishe, papa. Hii mulango hailale humu tena."

"Hailale humu? Ni weye uliibeba? Ni weye ulitoka nayo kule sokoni ku kichwa, mulango ya libuyu muzima, mbao nzito sawa jiwe, batu banakuangalia sawa vile unabeba maiti?"

Sauti yake ilikuwa inapanda na yangu inapanda. Mama, mwenye alikuwa inje anapepea makala, akatuambia toka kule kama majirani haiko viziwi. Papa alikuwa amevaa kiatu moja tu. Ya pili ilikuwa mu mukono, sikujua kama anataka kuivaa ao kunitupia. Mi nilikuwa nimepanda juu ya kiti, tournevis ya kufungulia vis mu mukono. Nilikuwa nimetosha vis mbili, zile misumari ya kuzungusha, za charnière ya juu yenye inashika mulango. Ya tatu ilikuwa inakataa, tournevis inateleza tu.

Papa haikuwa na makosa, kusema kweli. Ile mwaka 2003, nyuma ya mapigano ya mwezi ya tano, Bunia ilikuwa muji bila milango. Balibeba kila kitu: mabati, madirisha, vitanda, ata kioo ya kunyolea ya papa. Siye tulirudi toka camp ya wakimbizi ya pa aéroport, pale ndege zinashukaka, tukakuta ukuta ine na shimo mahali mulango ilikuwa. Tukatundika bâche, turubai tu. Bâche haina kufuli. Kwa jirani yetu Denise baliipasua na wembe mara mbili, mara ya pili balibeba ata sufuria na maharagi ndani, ingali ya moto.

Kisha milango ikaanza kurudi. Nyuma ya soko kulikuwa mahali banaiegemesha ku ukuta, moja juu ya ingine, milango ya kijani, ya bleu, ingine ingali na picha ya première communion, komunyo ya kwanza ya mutoto fulani, imebandikwa. Kila mutu alijua inatoka wapi na hakuna mwenye aliuliza. Ukiuliza, muuzaji anakuangalia tu: "Unatafuta mulango ao unatafuta shida?" Basi batu balinunua. Muji yote ilikuwa inajifungia na milango ya batu bengine. Papa naye, mwenye aliuzisha sabuni miezi ine ili apate ile feza, akanunua yake jana jioni, akaleta menuisier, fundi ya mbao, ikapigwa mbele ya giza. Tulilala nyuma ya mulango mara ya kwanza tangu mwezi ya tano. Mama alisema alisikia masikio yake yanapumuzika.

Na asubui mutoto wake anaifungua vis.

Alinikumbusha yote hayo, na kila neno aliipiga na ile kiatu ku goti. Akanikumbusha pia kama leo saa tisa Mama Félicité, ule muuzaji wa maharagi, anakuja na matelas yake, godoro moja, anakuja kukaa kwetu, juu ya vile kwake hakuna mulango na mwanamuke peke yake hawezi kuendelea kulala vile. Nilitaka tumulaze wapi, nyuma ya bâche?

Nikamwambia kama hii mulango ni ya wizi. Nikamwambia mutu moja alikata hii mbao, akaipima, akaipiga ku nyumba yake, na siye tunajifungia nayo sawa vile hatuna macho. Nilitosha maneno yote ya kanisa yenye nilikuwa nayo.

Papa akacheka bila furaha.

"Leo uko pasteur. Milango yote ya Bunia ni ya mutu, pasteur. Yetu iko wapi? Iko inafungia mutu fulani, na yeye alilala muzuri. Shuka pa kiti."

Sikushuka. Lakini njo niseme ukweli hapa: mi sikukuwa na shida na wizi. Kama ingekuwa mulango ya mutu sijui, ningeipakaza ata mafuta ingae. Shida ilikuwa ingine, na nilikuwa nayo tangu saa moja ya asubui.

Saa moja, mbele papa hajaamuka, nilikuwa natundika shati yangu ku musumari nyuma ya mulango. Jua ilikuwa inaingia pa dirisha, inapiga ile mbao ya upande. Muuzaji alikuwa ameipaka rangi ya chocolat, upande ya ndani aliipaka bei ya chini, rangi mwepesi sawa chai. Na chini ya rangi nikaona mukwaruzo. Nikafikiri ni ya camion, lori yenye iliibeba. Nikainamisha kichwa kidogo, na mikwaruzo ikawa maneno.

Nilijua ile mukono ya kuandika mbele ya kusoma. Miaka sita nilikopia interro zangu zote, yale majaribio ya masomo, ku ile mukono. Ilikuwa ya Lionel, rafiki yangu wa masomo.

Nilikaa chini pa simenti na shati mu mikono. Nilikuwa nasikia papa anakoroma upande ingine ya pazia, na nilikuwa naomba Mungu aendelee kukoroma.

Ili mujue ile maneno ilifika namna gani ku mulango, munapashwa kujua prof Rachidi. Alikuwa anatufundisha éducation à la vie, somo ya maisha, mu sixième, mwaka ya mwisho ya secondaire, mutu mufupi, na vélo, baiskeli yenye haina frein ya kuisimamisha. Mwisho wa mwezi ya tatu alituambia kama tunamaliza masomo na hatuna kitu mu kichwa isipokuwa kungoja, na kama vita itatuchukua sawa vile maji inachukua majani. Akatupatia devoir, kazi ya kufanyia nyumbani, yenye hatukuwahi kuiona: kila mutu aandike vision yake. Haiko ku karatasi, akasema, karatasi Bunia inafungiaka karanga. Muandike ku mulango ya kwenu, upande ya ndani, na musumari, ili musiweze kutoka bila kuisoma. Juu, andika mutu mwenye unataka kuwa mu miaka kumi. Chini, andika mambo tatu, haiko zaidi, mambo madogo yenye unaweza kuanza kesho asubui. Na kila siku yenye umeyafanya yote tatu, unakwangua alama moja. Siku umeshindwa, unaacha.

Siku ya posho, jumamosi, alikuwa anazunguka na ile vélo yake, nyumba kwa nyumba, anaomba wazazi ruhusa, anaangalia milango. Wazazi balikasirika kabisa. Mi papa alinipiga mukanda juu ya kuharibu mbao. Mama ya Régine, mwenzetu wa masomo, alimufukuza prof na ufagio.

Yangu niliandika: mu miaka kumi, ingénieur, nyumba ya étage, ya ghorofa, Land Cruiser mbili. Mambo yangu tatu: kuamuka saa kumi, kusoma saa tatu kila siku, kuacha bia. Nilifanya siku ine. Kisha kila vendredi, ijumaa jioni, nilikuwa nachukua musumari na kukwangua alama saba mara moja, ili prof azikute. Prof aliangalia, akaniuliza mbele ya benzangu kama ninazipimaka na latte, ile ya kupigia mistari, juu zote ziko na urefu moja. Batu balicheka. Mi nami nilicheka.

Lionel tulikuwa tunamuita Kesho. Juu kila kitu kwake ilikuwa kesho. Unamwambia saa mbili, anafika saa sita, ao hafike, na siku ya pili anakuja anakukumbatia sawa ni weye ulimukosea. Na mama yake, Mama Félicité, mwenye alikuwa anauzisha maharagi, alikuwa analia juu yake kila siku. Banagombana, yeye anatoka, anapiga mulango mupaka udongo ya ukuta inaanguka. Jirani moja alikuwa anasema anajua saa kwa ile mulango.

Basi siku ya kuangalia yake tulienda wengi, tukacheke. Alikuwa ameandika: *Mu miaka kumi mi ni mutu mama anaweza kumuachia nyumba.* Njo hiyo tu. Hakuna étage, hakuna gari. Chini yake:

*1. Nachota maji mbele mama haamuke.*

*2. Nafunga mulango polepole.*

*3. Nikisema nitangoja, nangoja.*

Tulicheka mupaka Gracia, leki yangu mwanamuke, dada yangu mudogo, akakaa chini. Mi nilicheka kuliko bote. Nilimuuliza, Kesho, hii vision ao ni liste ya kazi ya mutoto wa ndani? Prof Rachidi tu hakucheke. Alipitisha kidole ku ile ya tatu, akaenda zake.

Na Lionel akabadilika. Nasema vile niliona, na ilinikasirisha. Mwezi ya ine yote, nikifika mahali tumepanga kukutana, nakuta yeye iko pale, anakaa ku jiwe. Mimi njo nilianza kuchelewa. Ile mulango ya kwao ikanyamaza. Jirani mwenye alikuwa anajua saa akauliza kama mutoto ni mugonjwa.

Njo mwezi ya tano ikafika. Mama Félicité alikuwa ameenda Bule tarehe tano kutafuta maharagi, akamwachia Lionel nyumba, na kesho yake barabara ikafungwa. Tarehe saba jioni, jumatano, nilimukuta Lionel pa lupango, kiwanja ya nyumba yao. Mabombi ilikuwa inalia upande ya kule. Akasema hawezi kutoka, mama alimwachia nyumba. Nikamwambia nyumba haina damu, afunge, aende. Lakini kulikuwa shida ingine na tuliijua bote wawili: Lionel peke yake hangepita barrière, kile kizuizi ya batu ba bunduki. Pale balikuwa banauliza jina, jina ya baba, mahali ya kuzaliwa, na jina ya baba yake ilikuwa jina mubaya ile siku, ya kabila yenye balikuwa banawinda. Pamoja na siye angepita. Papa angesema ni mutoto wake, na papa batu ba barrière balikuwa banamujua, balikuwa bananunuaka sabuni kwake.

Basi nikamwambia: "Kesho saa kumi na mbili ya asubui napita kukubeba. Usitoke bila mi."

Akasema: "Nitangoja."

Nikacheka, nikamwambia: weye Kesho, ungoje? Akanionyesha kidole nyuma yake, ku mulango.

Alhamisi nilitoka ya kweli. Saa kumi na mbili nilikuwa pa barabara. Nilifika pa kona, pale pharmacie, duka ya dawa, ilikuwa, kisha masasi ya bunduki ikaanza, karibu kabisa, na katikati ya barabara kulikuwa mutu amelala na sandali moja. Toka pale mupaka kwa Lionel haiko ata mètres mia mbili. Niliona mabati ya nyumba yao. Nikageuka, nikakimbia. Nilifika kwetu, papa akauliza mutoto wa batu iko wapi, nikasema ameshatoka, nyumba iko wazi, hakuna mutu. Tukaenda aéroport.

Mama Félicité alirudi toka Bule mwezi ya saba, kwa muguu, miguu imevimba sawa mito ya kulalia. Alikuja kwetu mbele ya kwenda kwake. Akaniuliza kama nilipita kwake kumuangalia mutoto. Nikasema nilipita, nilibisha, nilikuta wazi. Uso yake ilikuwa inakauka pale mbele yangu, na mi nikaogopa ile uso, nikaongeza: jirani moja aliniambia Lionel alifuata batu ba njia ya Komanda, balikuwa banaenda Beni. Ile ya Komanda nilitunga pale pale, mudomo ilienda peke yake.

Akanishika mikono. Akasema asante, mutoto wangu, weye ulipita, bengine habakupita.

Tangu malori ya Beni ilianza tena kuingia, anaenda parking, pale malori inasimamaka. Kila lori. Anasimama pembeni, anaangalia batu benye banakaa juu ya mizigo, uso moja moja, banaposhuka anawaangalia tena chini. Kisha anaulizia kama kuko ingine inakuja nyuma. Miezi tatu sasa.

Sasa, ku ile mulango, chini ya mambo tatu, Lionel alikuwa ameandika AVRIL, ile mwezi ya ine, na alama. Nilizifuata na kucha chini ya rangi. Makumi mbili na nane. Siku mbili alishindwa, na aliacha nafasi, hakudanganye. Chini yake, MAI, mwezi ya tano. Moja, mbili, tatu. Nikafika ya nane. Ile ni alhamisi. Pembeni ya ya nane kulikuwa maneno kadogo: *nangoja A.*

Nilifikiri zinakwisha pale. Kidole ikaendelea. Tisa. Kumi. Kumi na moja. Kumi na mbili. Kumi na tatu.

Siku tano kisha ile yenye mi nilipashwa kupita. Zile siku tano Bunia ilikuwa inaungua, hakuna mutu alikuwa anatoka ata kukojoa, na yeye asubui anachukua bidon, anashuka ku kisima kuchota maji ya mama mwenye haiko, anarudi, anafunga mulango polepole, anakwangua alama. Ananingoja. Juu alisema atangoja. Juu mi nilicheka.

Na pale serrure, kufuli ya mulango, ilikuwa, menuisier alikuwa ametia kipande ya mbao mupya. Jana nilimushikia misumari akiitia. Alisema ya zamani ilipasuliwa toka inje. Nyumba yenye iko wazi, yenye haina mutu, hakuna mwenye anapasua serrure yake.

Njo maana nilikuwa juu ya kiti. Haiko juu ya wizi. Nilitaka kuitosha, kuipasua kuni, kuichoma mbele ya saa tisa, mbele Mama Félicité haingie humu na matelas yake na kuiona. Angeijua ata na macho imefungwa. Aliifungua na kuifunga miaka kumi na tano.

Papa akavaa kiatu ya pili. Akakuja pa kiti, akashika mukono yangu yenye tournevis, haiko kwa nguvu, lakini alishika. Akaniambia kama nimechoka kula kwake, niseme tu. Mutoto wa sixième mwenye hana ata diplôme, examen yenyewe vita iliikula, analala mupaka jua inamuchoma, na siku anaamuka mapema ni kwa kuvunja nyumba. Mama akaingia na kijiko ya bugali mu mukono. Akasema tuache, Mama Félicité akikuta tunagombana atafikiri ni juu yake, atarudi.

"Ni ya kwake," nikasema.

"Nini ya kwake?"

"Mulango. Ni ya kwa Mama Félicité."

Papa akaachia mukono yangu. Na munajua mama alifanya nini? Alifurahi. Akaweka mukono ku kifua, akasema kumbe Mungu iko, tumeipata bila kujua, tutaipeleka kwake, papa utaipiga tena kwake na yeye atalala kwake. Papa naye nikaona uso yake inafunguka. Alikuwa anatafuta namna ya kukubali, juu ya feza yake, lakini alikuwa anaelekea kukubali. Ningeweza kunyamaza pale. Mudomo yangu ilikuwa imeshafunguka kusema ndiyo, tuipeleke.

Lakini Mama Félicité angeisoma.

Nikashuka pa kiti. Nikachukua mukono ya papa, kidole yake, nikaiweka ku AVRIL. Papa anajua ile devoir. Mukanda yake inaijua. Alipitisha kidole polepole, midomo inahesabu bila sauti. Akafika ku MAI. Akafika ku ya nane, akainama, akasoma ile kadogo, na nikaona kidole imesimama. Kisha ikaendelea mupaka kumi na tatu. Akarudi, akahesabu mara ya pili. Mama alikuwa anauliza ni nini, ni nini.

"Ulisema nyumba ilikuwa wazi," papa akasema.

"Sikufika."

"Ulisema ulibisha."

"Sikufika, papa. Nilirudia pa kona ya pharmacie."

Nilingoja anipige. Nilitaka anipige, nasema kweli, nilikuwa nimeshafunga macho. Hakunipige. Alikaa ku kile kiti nilikuwa nimepanda, akaanza kufungua kamba za viatu vyake, sawa vile siku imekwisha, na saa ilikuwa haijafika ata tatu ya asubui.

Mama naye akasoma. Mama hasomake muzuri, lakini *nangoja* aliisoma. Akaweka kijiko chini, pa simenti, yeye mwenye hawekake kijiko chini.

"Kila lori, Aaron," akasema. "Nilimusindikiza kule mara mbili. Nilimushikia parapluie, mvua inanyesha."

Inje bugali ilianza kunuka kuungua, hakuna mwenye alienda.

Papa akainua kichwa. Akaongea na sauti ya chini, sauti yenye anatumikishaka na mutu ametoka hospitali. Akasema kuko rabot, ile ya kulainisha mbao, kwa menuisier. Atamuita sasa hivi. Atapitisha rabot, dakika kumi, kisha rangi mara mbili, rangi ya bleu yenye inakauka mbio, na saa tisa hakuna kitu itabaki ku ile mbao.

"Hatasoma," akasema. "Tutamupatia mulango yake, inang'aa. Yule mama anaishi juu ya kungoja malori ya Beni. Ukimutosha malori, anabaki na nini? Acha aende parking. Lionel labda iko muzima kweli, unajua? Labda alitoka ile siku ya kumi na tatu. Weye haujui, mi sijui."

Ilikuwa kweli. Sijui. Mupaka leo sijui. Na ile yenye papa alisema njo ile yenye mi nilikuwa naitaka tangu saa moja, na alikuwa ananipatia bure, na rangi juu yake, na bila mukanda. Ningepashwa kulia na furaha. Badala yake niliona rabot inapita, vipande vya mbao vinajikunja vinaanguka, alhamisi inaanguka, vendredi inaanguka, siku zake zote za kuningoja. Na niliona prof Rachidi anaangalia mulango yangu ya zamani, zile alama zenye urefu moja.

Nikapanda tena juu ya kiti. Papa akasema "Aaron", lakini bila nguvu. Vis ya kwanza nilikuwa nayo mu mufuko. Nikairudisha mu tundu yake, nikaikaza. Ya pili nikairudisha. Papa alikuwa ananiangalia, na naona alifikiri amenishinda, juu alipumua. Akamwambia mama anitilie chai.

Nikashuka, nikavaa shati.

"Unaenda wapi?" papa akauliza.

Nikamwambia leo ni siku ya lori ya Beni. Inaingiaka saa ine, saa tano. Mama Félicité iko kule.

Akasimama na viatu vimefunguka. Akasema nisithubutu. Akasema nitamuua yule mwanamuke pa parking, mbele ya batu. Akasema bandugu yake benye balibaki hawataelewa habari ya masasi na kona na pharmacie, bataelewa tu kama mutoto wa Mumbere alimwachia mutoto wao, na kesho ni nyumba hii batakuja kuuliza, na mulango haitasaidia kitu. Akasema jina yangu humu Bunia itakuwa ile, hakuna ingine, mupaka nizeeke. Kisha akasema ile ya mwisho.

"Ukienda kumwambia, usirudi humu."

Mama akasema "Mumbere", jina ya papa tu, sawa vile mutu anashika ngombe ku kamba. Papa hakugeuke.

Nilikuwa na maneno mingi mu kichwa ya kumwambia Mama Félicité na hakuna ata moja ilikuwa inasimama. Nilijua tu nitaanza na kona. Nitasema nilifika pa kona. Kisha nitasema siku tano. Kisha, kama angali anasimama, nitamuleta hapa aweke kidole yake mwenyewe, kama papa atatufungulia.

Nikafungua. Inje jua ilikuwa kali, na Denise alikuwa ku lupango yake na masikio yote upande yetu. Ile libuyu iko nzito, ukiiachia inaenda peke yake na inapiga. Jana usiku ilipiga mara mbili na mama aliruka. Nikaishika na mikono mbili, moja juu, moja pale pa kipande mupya. Papa alikuwa angali anaongea ndani. Nikaivuta polepole, kidogo kidogo, mupaka nikasikia imeingia.